Bei ya Leo Kagongwa

Mtu akiniuliza kwa nini niliacha kutengeneza programu za simu nikahamia kwenye tovuti, huwa namjibu kwamba soko limebadilika na teknolojia inakimbia, maneno ya kwenye usaili. Uongo mtupu. Niliacha kwa hasira, na hasira hiyo niliipatia Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu, kibandani kwa mama mmoja anayewapikia wachimbaji.

Nilikuwa nimekwenda kule kuangalia kama wanunuzi wanaitumia programu niliyowatengenezea akina mama wa Kagongwa. Hao ni wauzaji wa mchele waliojiunga kikundi. Mpunga wao wanaukoboa kwenye mashine moja, na shida yao ilikuwa ileile ya miaka yote: dalali anafika, anataja bei anayoitaka yeye, na muuzaji hana pa kuhakikisha. Programu yangu ilikuwa na kazi moja tu. Unaifungua, unaona bei ya leo ya mchele Kagongwa, daraja la kwanza, la pili, na chenga. Muuzaji anaiona, mnunuzi anaiona, dalali anakosa pa kuchomekea uongo.

Mama wa Rwamgasa aliponisikia naitaja alifurahi kweli. Alifuta mikono, akafungua pindo la kanga, akatoa simu.

"Hiyo ninayo! Tena mimi ndiye niliyewarushia wote hapa."

Akaifungua. Nikaona ile rangi ya kijani niliyoiacha zamani, na kitufe ambacho nilishakiondoa, na bei ambazo hazikuwa za leo wala za jana. Zilikuwa bei za mfano. Nilizibuni mwenyewe nikiwa naijaribu, kabla mtu yeyote hajaanza kuitumia.

"Mama, hii umeipakua lini?"

"Sijapakua mimi. Kupakua si kunakula bando? Nilirushiwa na kijana wa karasha pale wanaposaga mawe, naye alirushiwa na dereva wa fuso."

Hivyo ndivyo programu zinavyosafiri huku kwetu. Simu inalazwa ubavuni mwa simu nyingine, programu inarushwa bila bando, kama jirani anavyompa jirani kaa la moto. Dukani mtandaoni, nilikokuwa naweka matoleo yangu mapya kwa mbwembwe zote, hakuna anayekwenda. Na kilichorushwa kimerushwa. Hakisasishwi tena, maana kusasisha nako kunakula bando, na simu yenyewe memori imejaa nyimbo. Toleo lile la kwanza lilikuwa linaitafuta seva niliyokwisha kuifunga. Likiikosa, linaonyesha bei za mfano. Miezi yote ile nilikuwa narekebisha, naboresha, nakesha macho mekundu, kumbe nampigia mbuzi gitaa.

"Ila nyie watu wa Kagongwa nawasifu," yule mama akaendelea huku akinipakulia ubwabwa ambao sikuuagiza. "Bei yenu haipandi wala haishuki. Waaminifu sana."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Nilikula ubwabwa wake.

Ingekuwa ni programu ya mtu mwingine yeyote ningesema potelea mbali. Lakini mwenyekiti wa kikundi kile alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki na kunisomesha kwa mchele huohuo. Nilipoacha kazi ya ajira Dar es Salaam nikarudi Kahama, yeye ndiye aliyewashawishi wenzake wanipe kazi ile. Hawakutaka. Walishawahi kuletewa wataalamu na miradi, wakapigwa picha, wataalamu wakaondoka na picha. Shangazi alisimama mbele yao mashineni akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Akiharibu, nimeharibu mimi." Kwa Wasukuma wa umri wake maneno hayo hayasemwi kama salamu. Alikuwa ameweka kiti chake chini ya kazi yangu, na kila mtu pale alisikia.

Na kulikuwa na mtu aliyesikia vizuri kuliko wengine. Mama mmoja wa kikundi, mwenye mdomo na akili, aliyekuwa akikitamani kiti hicho kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa anaendesha mashine nyingine ya kukoboa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo tulimwita mama wa mashine ya pili. Si mtu mbaya. Ningefurahi kama angekuwa mtu mbaya.

Nikarudi Kahama nimeamua. Nilikuwa nimepanga chumba kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Buzwagi, enzi mgodi ukiwa wazi; siku hizi vyumba viko tupu na mwenye nyumba ni mpole. Nikakaa kitandani nikajiambia: basi, simu nimeziacha. Tovuti hairushwi. Tovuti ni moja, inakaa mahali pamoja, na kila anayetaka kuiona lazima aje ilipo. Ukibadilisha bei, imebadilika kwa wote. Nilijiona nimepata ufunuo.

Kumbe sikujua ninachokifuata. Kwenye programu za simu nilikuwa mwenye nyumba. Najua nguzo ziko wapi, najua mlango ukigoma nini kimelegea. Kwenye tovuti nikawa mpangaji katika nyumba za watu. Napanga safu tatu za bei zikae sambamba. Kwenye simu yangu zinakaa, kwenye simu ya jirani safu ya tatu imedondoka chini peke yake. Nairekebisha ya jirani, yangu inapasuka. Na kile kivinjari kinachopendwa huku, kile cha kubana bando, kilikuwa kinazima nusu ya nilichoandika bila hata kunipa taarifa. Nilikuwa nagombana na kompyuta kwa sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akauliza kwa upole kama nina mgeni.

Kilichoniuma zaidi ni kuwa mwanafunzi tena. Miaka yangu yote ya simu ilikuwa haihesabiki. Niliomba kazi moja ya tovuti ili nipate uzoefu wakati najifunza. Kijana aliyenisaili kwa video, ndevu zenyewe bado zinatafuta njia, akaniuliza swali la mwaka wa kwanza nikalikosa. Akasema, "Usijali, dada, haya mambo ni madogo madogo tu." Nilifunga kompyuta nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi. Mwenzangu wa zamani kule Dar alinipigia akicheka.

"Watu wanatoka kwenye tovuti wanakuja kwenye simu, wewe ndiyo unarudi?"

"Huku kwetu hamkujui," nikamwambia.

"Sawa, mama wa mchele."

Alikuwa anatania, tumezoeana. Nilikasirika siku nzima.

Na kila nilipokuwa nakaribia kukata tamaa, simu ya shangazi ilikuwa inaita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane. Mwangaluka. Bado?" Ndivyo anavyoniita mwanangu kwa Kisukuma na kunisalimia asubuhi.

"Bado, shangazi. Nakaribia."

"Watu wananiuliza."

"Mama wa mashine ya pili?"

"Watu," anasema, na ndiyo mwisho wa habari. Hakuwahi kunihimiza zaidi ya hapo. Ningependa angenifokea. Mtu akikufokea unapata pa kushika.

Siku tovuti ilipokamilika niliiweka bila maringo: jina la Kagongwa juu, bei za leo, na baada ya hapo maelezo machache. Niliifanya nyepesi kabisa, ifunguke hata kwenye bando la kuungaunga. Nikatuma kiungo kwenye grupu la akina mama, nao wakakituma kwa wanunuzi wao. Asubuhi iliyofuata shangazi alinipa bei mpya ya daraja la kwanza, nikaibadilisha nikiwa nimekaa kitandani Kahama, nikampigia mama wa Rwamgasa. Akaniambia bei ileile mpya. Niliruka. Mpangaji wa chumba cha pili akauliza tena kama nina mgeni, nikamwambia ndiyo, ninaye.

Furaha hiyo haikukaa. Sikuwa nimefikiria bando la kuchati.

Akina mama wengi hawanunui bando la kila kitu, wananunua lile la kuchati tu, ambalo ni rahisi. Linafungua grupu lakini tovuti halifungui. Kwa hiyo anayejiweza anaingia kwenye tovuti, anapiga picha ya kioo cha simu, anaitupa kwenye grupu. Wengine wanaichukua picha ile, wanaipeleka kwenye grupu la kwaya, la VICOBA, la wazazi wa shule. Huko inakaa. Baada ya wiki mbili mtu anaikuta, anaona ni nzuri, anaituma upya ikiwa na maua ya kutakia asubuhi njema. Na juu yake imeandikwa kwa herufi zangu kubwa, nilizozihangaikia: BEI YA LEO.

Nilipoigundua hali hiyo nilikaa nikaitazama ile picha kwenye grupu kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekimbia programu iliyogandishwa, nikatengeneza kitu kisichogandishwa, na watu wangu wakakigandisha kwa mikono yao, kwa nia njema, kwa kusaidiana. Niliandika kwenye grupu kwa heshima zote: jamani mama zangu, picha inazeeka, tumeni kiungo. Wakajibu, "Amina." Mmoja akajibu kwa picha ya bei ya wiki iliyopita.

Nilianza kuandika upya ukurasa ili tarehe ipite juu ya bei zenyewe kwa maandishi manene, mtu asiweze kuipiga picha bei bila tarehe. Ilikuwa kazi ndogo kwa anayeijua. Mimi sikuijua, na kila nilipoipata kwenye simu moja, kwenye nyingine tarehe ilifunika bei zote. Nilikuwa bado nahangaika nayo wakati shangazi aliponipigia, na safari hii hakuuliza kama bado.

"Kesho uje mashineni. Kuna kikao."

Nilifika Kagongwa nikakuta mashine imezimwa, akina mama wamekaa juu ya magunia, na pumba bado zinaelea hewani. Niliwaamkia mmoja mmoja. Katikati alikuwa amekaa mama mmoja mwenzao wa kikundi, mzaliwa wa Ushirombo, mtu wa kanisa, mpole, ambaye mchele wake wote wa msimu alikuwa ameuuza kwa mnunuzi aliyekwenda nao machimboni. Mnunuzi alikuwa amemwonyesha picha ya BEI YA LEO. Mama akaangalia kwenye simu yake mwenyewe, akaikuta picha ileile kwenye grupu la jumuiya. Akaamini. Ilikuwa ya kabla bei haijapanda.

"Nilijua ni ya kwetu," alisema, na hakuwa anamlaumu mtu. "Ina jina letu juu."

Nilikuwa nimesema. Nilikuwa nimeandika. Nikasimama kabla sijaruhusiwa.

"Lakini ile ni picha!" nikasema. "Picha siyo tovuti! Nimewaambia mara ngapi? Mnataka nije kila nyumba niwafungulie?"

Hata wale waliokuwa upande wangu waliinamisha macho. Nilikuwa nimewapigia kelele wanawake walionizidi umri, mmoja wao akiwa na machozi.

"Kaa chini," shangazi akasema. Nikakaa juu ya gunia.

Mama wa mashine ya pili aliomba nafasi. Alizungumza kwa adabu, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mwenyekiti, mimi sina ugomvi na mtoto. Kazi yake tunaihitaji. Ila wewe ulituambia, akiharibu, umeharibu wewe. Wote tulisikia. Sasa tunafanyaje?"

Nilimtazama shangazi nikisubiri ajibu. Alikuwa na majibu mengi. Angeweza kusema mnunuzi ndiye mwongo. Angeweza kusema walionywa, na kweli walionywa. Angeweza hata kuniachia mimi nibebe, na ningebeba kwa furaha. Alikung'uta pumba kwenye kanga yake, akasimama.

"Nilisema," akasema. "Basi."

Na hiyo ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kuaga. Walichagua palepale kwa kunyoosha mikono. Mama wa mashine ya pili akapata kiti. Halafu, na hapa ndipo mpaka leo nikikumbuka nasaga meno, wakajadili kama tovuti iendelee, na wote wakakubali iendelee! Tena mama wa Ushirombo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuunga mkono. Kazi yangu ilibaki, mdhamini wangu akaondolewa kwa kosa la kazi hiyohiyo, na kila mtu akaona ni sawa. Walimalizia kwa sala na soda.

Nilimfuata shangazi nyumbani nikiwa nafoka njia nzima. Yeye alichukua ungo akaanza kupepeta mchele wa chakula cha jioni, nami nimesimama mbele yake.

"Kwa nini ulikubali? Ungewaeleza! Kosa ni la wale wenye picha, ni la mnunuzi, sijui la bando. Lako liko wapi?"

"Ningewaeleza wangeelewa," akasema.

"Sasa?"

"Halafu siku nyingine nikiwaambia neno, wangesubiri maelezo." Alitoa mawe mawili akayatupa uani. "Neno langu halina maelezo, ng'wanawane. Ndiyo maana walikupokea."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini hasira bado ilikuwa imejaa mdomoni, na nikajua nikiufungua itatoka hasira. Nikachukua sufuria nikaenda kuteka maji.

Nilipokuwa naondoka alinisindikiza mpaka barabarani. "Badilisha jina langu huko kwenye mtandao wako," akaniambia. "Wateja wasihangaike."

Sikulibadilisha. Niliimaliza tarehe, ikakaa vizuri kwenye simu zote, na picha za zamani zikaanza kuonekana kuwa ni za zamani. Mama wa Ushirombo alinitumia ujumbe wa shukrani. Mwenzangu wa Dar akaiona tovuti akasema, bila utani safari hii, kwamba sasa naweza kuomba kazi ya tovuti popote. Na kweli nilipata moja, ya mbali, ninaifanya nikiwa Kahama, na kila nikiandika kwenye wasifu wangu "mtengenezaji wa tovuti" naharakisha kwenda mstari unaofuata. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa, penye jina na namba ya mwenyekiti wa kikundi kwa ajili ya wanunuzi. Nilijifanya nimeusahau.

Mwenyekiti mpya hakunisumbua. Aliyenisumbua ni shangazi. Alinipigia akasema wanunuzi bado wanampigia yeye, anawaelekeza kwa mwenzake, na amechoka kuwa mlinzi wa mlango wa nyumba isiyo yake. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayelalamikia jua.

Nikafungua kompyuta. Nikafuta jina lake, nikafuta namba yake, nikaandika za mama wa mashine ya pili. Nilitamani liwepo jambo la kunigomea, msimbo upasuke, mtandao ukatike, kivinjari kilete ukorofi wake wa kila siku. Hakuna kilichogoma. Nilibonyeza mara moja, na kabla sijameza mate shangazi alikuwa hayupo tena kwenye simu yoyote, kuanzia Kagongwa mpaka machimboni. Hicho ndicho nilichokihamia. Hicho ndicho nilichokitafuta kwa machozi mwaka mzima.

Nikampigia mama wa Rwamgasa, nikamwomba aufungue ukurasa anisaidie kuangalia kama umebadilika. Nikasikia vyombo vikiwekwa kando.

"Umebadilika," akasema. "Naona jina jipya la mwenyekiti." Kisha sauti yake ikashuka. "Yule wa zamani amefariki?"

Nikamwambia hapana, yupo, nikakata simu kabla hajaniuliza sababu.